Jinsi Nilivyoifuta Theluji ya Wajapani

Jumapili, 9 Novemba 2014

Habari mbaya na habari nzuri zimeshuka na basi moja. Bwana Nassor, msimamizi wetu, ametukusanya sisi wafagiaji na askari nyuma ya ofisi ya kampuni ya sinema huku Dubai Investments Park akasema tarehe ishirini kazi ya usafi na ulinzi inapewa kampuni ya nje. Sisi wa zamani, tiketi ya nyumbani. Bwana Nassor ni wa ukoo wa Unguja, amezaliwa hapa hapa Dubai, na hata akikufukuza unasikia kama anakubembeleza ulale. Akasema wanangu, riziki haina mwenyewe, leo kwako kesho kwa mwenzio. Watu wakainamisha vichwa. Mimi nikauliza huyo mwenzio ni nani.

Kumbe mtu mmoja atabaki. Madam Hisako, yule Mjapani aliyekuja mwezi jana na makopo ya bati mapana kama sinia, anatengeneza upya sinema ya kwao ya zamani ili watu wa leo waitazame kwa maonyesho ya Desemba. Ina zaidi ya miaka themanini. Haina sauti, haina rangi. Ilikaa kwa dari ya hekalu mpaka panya wakaichoka. Sasa imeingizwa kwa kompyuta, na vumbi lake limeingia nayo. Anataka mtu wa kukaa afute doa moja moja. Hataki msomi, anataka mtu mwenye jicho la uchafu.

Sasa hapo nani atanishinda? Miaka mitatu nafagia hii ofisi. Nikainua mkono. Na Mubarak akainua. Huyu ni askari wetu wa geti, Mganda wa Masaka, na tunalala chumba kimoja kule kambi ya Muhaisnah, mimi kitanda cha chini, yeye cha juu. Miaka mitatu ananikanyaga kichwa akishuka, leo anataka kunikanyaga na riziki.

Tutajaribiwa wiki moja, halafu Madam achague. Kiti ni kimoja. Lazima kiwe changu, juu mama yangu huko Webuye ameshatangaza kanisani kwamba mwanawe Clifford ni fundi wa sinema Dubai. Aliambiwa na nani? Na mimi, mwaka jana, siku niliyofagia chumba cha projekta mara ya kwanza. Siwezi kushuka Webuye kabla ya Krismasi na blanketi la kambi begani.

Jumatatu, 10 Novemba

Tumefundishwa. Sinema ni picha nyingi zinazokimbia, kama ishirini kwa sekunde moja. Unasimamisha picha, unaona doa, unapitisha mausi, doa limeenda. Madam amerudia mara tatu kwa Kiingereza chake cha taratibu kwamba kabla ya kufuta, tazama picha iliyotangulia na ile inayofuata. Nikajibu yes Madam mara tatu. Nilikuwa natazama kiti. Kinazunguka.

Mubarak amepewa dakika chache za mwanzo wa sinema, mimi za mwisho; za katikati zilishasafishwa Japani.

Mpaka saa ya basi nimefuta picha mia sita. Mubarak arobaini. Kila doa anamwita Madam. Eti hili ni vumbi ama ni nzi? Na kama ni nzi, alikuwako siku ya kupiga sinema ama amekuja juzi? Madam anachuchumaa kando yake, wanamtazama nzi kama daktari na mgonjwa. Nilicheka sana. Nikaacha kucheka Madam alipomletea chai.

Kwa basi nimemuuliza Mubarak anangoja nini. Akasema munnange, yaani rafiki yangu kwa Kiganda, picha haikimbii. Nikamwambia hii ni sinema, kukimbia ndiyo kazi yake.

Jumanne, 11 Novemba

Leo nimefika mahali pachafu, sijawahi kuona. Mtaa mzima madoa meupe. Yako hewani, yako juu ya watu, yanashuka kama mtu amepasua gunia la unga wa ugali juu ya kamera. Huyo aliyepiga hii sinema hakuwa hata na kitambaa. Nilianza kuhesabu madoa ya picha moja. Nilipofika mia mbili nikawaonea Wajapani huruma.

Halafu nikagundua kitufe. Ukikibonyeza, kompyuta inatafuta yenyewe kila kitu kidogo cheupe kinachosonga, inakifuta. Unaenda kunywa chai, ukirudi pameshafagiwa. Dakika nne za sinema, safi kama sahani ya mgeni. Nimeipitisha mara mbili, ya pili kwa heshima.

Mubarak amepita akienda kutawadha. Akasimama nyuma yangu. Akauliza mbona hawa watu wamejikunja hivyo. Nikasema ni wazee. Akauliza mbona wote wana miavuli. Nikasema ni jua, kwani yeye ni mgeni Dubai? Akasema kabla hajaja ofisini kwetu alilinda mlango miaka miwili kwa ile mall yenye mlima wa barafu ndani, na kuna kitu angependa kunieleza. Nikamwambia aende akaswali, saa inapita. Wivu haufai kwa mtu wa dini.

Alicheka peke yake mpaka bombani.

Jumatano, 12 Novemba

Picha elfu mbili na mia tatu kwa siku moja.

Leo nimemsafisha mwanamke. Ni msichana mrembo, anatokea kila mahali kwa sehemu yangu, na shavu la kushoto ana tone jeusi. Kila picha, mahali pale pale. Wote wamepita hapo miaka themanini hakuna aliyemwambia dada jipanguse. Nimemfuta polepole, na brashi ndogo, siyo kitufe. Mtu mzuri unamshughulikia kwa mkono. Sasa uso wake ni kama yai.

Madam amepita, akaona hesabu yangu kwa ubao, akasema very fast. Hakutabasamu, lakini Wajapani hawatabasamu ovyo. Bwana Nassor akasema, "Mwenda pole hajikwai, mwanangu." Nikamjibu mwenda pole ameachwa na basi la kampuni mara nne tangu Ramadhani, na jina lake ni Mubarak.

Nimempigia mama. Nimemwambia kiti kinazunguka. Amesema Jumapili atamwambia mchungaji.

Alhamisi, 13 Novemba

Saa ya chai Madam ametuketisha. Akasema Jumapili yeye na Arbab, mwenye kampuni, watatazama kazi ya kila mmoja kwa skrini kubwa, kisha achague. Halafu akasema hajawahi kutusimulia hadithi yenyewe. Akatusimulia. Mama anapotelewa na mtoto wake siku ya theluji kubwa. Miaka ishirini anamtafuta. Siku moja theluji inaanguka tena vile vile, anakutana na msichana barabarani, msichana anainua mwavuli, na mama anamtambua kwa alama nyeusi aliyozaliwa nayo shavuni.

Kwa shavu la kushoto, akasema Madam, akajigusa.

Biskuti ilinikwama. Mubarak akanipiga mgongoni, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Nilimsubiri kwa ngazi. Nikamuuliza, kama mtu anauliza tu, eti kitu kikifutwa kinaweza kurudi. Akasema alimuuliza Madam swali hilo siku ya kwanza. Sinema yenyewe haijaguswa, iko kwa kabati la Madam. Unafungua ile ya zamani na ile mpya, unanakili kwa brashi nyingine, picha moja moja. Nikauliza inachukua muda gani. Akasema dakika nne za theluji, ssebo, yaani bwana, mwezi labda. Mtu mmoja.

Kwa hivyo alijua tangu Jumanne. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akasema nilimtuma akaswali.

Ijumaa, 14 Novemba

Mtu haanguki akiwa na akili. Nimewaza hivi: picha haitengenezeki mpaka Jumapili, lakini hadithi inatengenezeka leo. Kwetu Webuye nani alitazama sinema bila DJ? Nilikuwa darasa la tano, kibanda cha video nyuma ya soko, jamaa ameshika maikrofoni anatafsiri Kichina kwa Kiswahili, na wala hajui Kichina. Alituambia adui ni shemeji yake na shujaa, tukaamini mpaka leo. Madam anasema anataka watu wa leo. Watu wa leo niko nao kambini.

Basi jana kabla ya basi nilichukua nakala kwa flashi, sehemu ya Mubarak na yangu. Ndiyo, Madam alisema haitoki ofisini. Lakini ilitoka na kurudi kwa mfuko ule ule, mimi sioni tofauti.

Baada ya chakula cha mchana nikafunika madirisha ya bwalo na mashuka, nikawasha projekta ya zamani. Walikuja kama watu mia. Wakenya, Waganda, Watanzania, na Wanepali wengi ambao hawakuelewa neno lakini walikaa mbele. Nikashika maikrofoni ya mpishi.

Chini ni kweupe? Nikasema ni mchanga, hawa jamaa wanakaa upande wa jangwa la Al Ain. Miavuli? Jua, digrii hamsini. Na mbona wanatetemeka kwa jua hivyo? Nikasema, "Ndugu zangu, hiyo ni malaria." Bwalo zima likaguna. Hakuna aliyehitaji maelezo. Mmoja akapiga kelele wapewe dawa.

Kisha mama na msichana barabarani. Uso kama yai, hana alama yoyote. Nikasema mama hakumjua kwa uso, uso unabadilika. Msichana alikohoa. Alikohoa vile baba yake alikuwa anakohoa akirudi shamba jioni, na mama akasimama. Nikakohoa kwa maikrofoni. Sikupanga kukohoa kama marehemu mzee wangu, lakini ndivyo kilivyotoka.

Nikaangalia nyuma. Shafiq, yule Mganda wa kreni, mtu mkubwa kama jokofu, analia na hajifichi. Hajaona mama yake miaka sita. Mubarak alikuwa anafuta pua kwa kofia. Aliniambia ni AC.

Nimelala alasiri yote nikiwa mtu wa maana.

Jumamosi, 15 Novemba

Kuna mtu alirekodi. Sijui nani, simu zilikuwa mia. Asubuhi imefika kambi za Al Quoz, saa nne imefika kwa madereva wa teksi, saa sita imefika kwa Bwana Nassor, ambaye binamu zake wote wako kwa kundi moja la WhatsApp. Ameniita. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo mbaya. Akasema, "Mwanangu Clifford, hichi ulichokifanya hakina jina. Mali ya watu umeitoa nje, kisha umeitia homa." Akaniambia kesho nije nimevaa vizuri, maana kufukuzwa nako kuna adabu yake.

Sijakata tamaa. Nimeenda kwa Mubarak na mpango. Aseme ni kompyuta iliyofuta theluji, kitufe kilijibonyeza. Yeye anaaminika, ana alama ya sijda kwa paji la uso. Nami nitampa kitanda cha chini.

Amefikiri sana. Akasema atasema inshallah. Kisha akateremsha godoro lake.

Ninaandika hii nikiwa juu. Dari iko karibu na pua. Huyu mtu ameishi hivi miaka mitatu na bado anasalimia watu.

Jumapili, 16 Novemba

Chumba cha projekta. Arbab kwa kiti cha katikati na kanzu nyeupe kama ile theluji. Madam. Bwana Nassor. Sisi wawili kwa ukuta kama washtakiwa.

Wakaanza na ya Mubarak. Nusu dakika tu, wiki nzima. Lakini ukitazama unasahau ni ya zamani. Nzi mmoja alipita kwa dirisha, na Madam akamwonyesha Arbab kwa kidole, kwa fahari.

Halafu yangu. Watu wamejikunja, wanatetemeka, miavuli wazi, hewa safi kabisa, hakuna kinachoanguka. Mama anamkimbilia msichana asiye na alama anamkumbatia, bila sababu yoyote duniani. Sinema haina sauti, lakini ile ilikuwa kimya zaidi ya kutokuwa na sauti.

Madam akauliza nani. Nikamkodolea macho Mubarak. Sasa, ndugu yangu, kitufe. Mubarak akatazama viatu vyake, akasema, "Madam, it is Clifford. But he is not a bad man. He is only a clean man." Kitanda changu cha chini kimeenda hivyo.

Arbab akasema khalas, imekwisha, tarehe ishirini. Bwana Nassor akaandika.

Hapo Madam akatoa simu. Ile rekodi. Sauti yangu ikajaa chumba. Akamwomba Bwana Nassor amtafsirie kila neno. Maskini mzee wa watu, alitafsiri mchanga, alitafsiri jua, alipofika malaria akaomba maji. Lakini alitafsiri. Na kile kikohozi hakikuhitaji tafsiri. Madam aliirudia sehemu hiyo mara mbili.

Akaizima simu. Kisha akasema kwao zamani, sinema zilipokuwa bubu, alikuwako mtu wa kusimama kando ya skrini akisimulia, na watu waliingia kwa ajili ya msimuliaji kuliko kwa ajili ya sinema. Babu yake alikuwa msimuliaji wa namna hiyo. Na alikuwa mwongo sana, akasema Madam. Hapo ndipo alipotabasamu, nami nikatabasamu, naye akaacha.

Hukumu yake hii hapa. Kiti ni cha Mubarak. Lakini theluji lazima irudi, na Mubarak peke yake hawezi kumaliza kabla ya maonyesho. Aliyeitoa ndiye atakayeirudisha, na lile tone la shavu pia. Nitakaa kwa stuli. Sifuti kitu, narudisha tu, asubuhi hadi jioni. Siku ya maonyesho, tarehe nne Desemba, theluji ikiwa imetimia, atasaini mkataba wangu. Ikipungua hata kidogo, tiketi. Arbab akapandisha mabega, akasema yalla, mwenye sinema ni yeye.

Na kila picha yangu itakaguliwa na Mubarak.

Jumatano, 19 Novemba

Picha moja ya theluji, dakika mbili, na picha ni karibu elfu tano. Unachukua tone kwa sinema ya zamani, unaliweka kwa mpya, mahali pake. Sir Mubarak anakagua. Ndiyo, ameomba nimwite Sir saa za kazi. Nikasema kwa nini. Akasema kwa sababu ya kitanda bado anajisikia vibaya, na cheo kinamsaidia.

Leo amenirudishia picha kwa ajili ya tone moja, juu ya paa, kushoto. Nikasema nani ataliona. Akasema lile tone lilianguka, ssebo, kwa hivyo lianguke.

Jumamosi, 22 Novemba

Jana Mubarak alinipeleka kwa ile mall yake yenye mlima wa barafu. Hatukuingia, tulisimama kwa kioo na Wafilipino wanaopiga picha. Nikaiona theluji kwa mara ya kwanza. Inafanana na barafu ya friji ambayo haijayeyushwa tangu mwaka jana. Mtoto wa Kiarabu alianguka kifudifudi akaamka anacheka, amejaa madoa meupe kila mahali, na vidole vyangu vikaanza kutafuta mausi.

Mubarak aliniuliza nimeelewa sasa. Nikasema nimeelewa kabisa.

Ijumaa, 28 Novemba

Madam amekuja kambini mwenyewe. Amekaa kwa benchi la bwalo katikati ya Wanepali, na glasi ya chai ya maziwa. Ameleta sinema yenye theluji, karibu yote, ili nisimulie mbele yake. Nimesimulia ukweli mtupu. Theluji kubwa, mtoto amepotea, alama shavuni.

Kukawa na malalamiko. Shafiq akasimama akauliza malaria imeenda wapi. Wengine wakapiga meza. Mmoja akasema hii ya pili imeharibiwa. Ikabidi nimwangalie Madam. Alikuwa ameziba mdomo kwa mkono na mabega yanatikisika. Akafanya ishara niendelee.

Nikawapa malaria. Na kikohozi. Bwalo likatulia.

Alhamisi, 4 Desemba

Imeonyeshwa. Mubarak na mimi tulisimama nyuma kabisa kwa suti za kuazima. Wageni wakubwa, marashi, kinanda kinapigwa kando ya skrini. Theluji ikaanguka yote. Nilijua kila tone kwa jina. Msichana akainua mwavuli, tone la shavu likaonekana, na bibi mmoja wa Kizungu mbele yetu akatoa kitambaa. Mubarak akasema hapa napo AC ni kali.

Madam amesaini. Miaka miwili. Stuli imekuwa kiti, na kinazunguka. Akaniuliza, mbele ya Bwana Nassor, nimejifunza nini. Nikasema Madam, nimejifunza kwamba kitu cha mtu hakiguswi, kinatazamwa, kabla na baada. Bwana Nassor akasema mashaallah. Nimempigia mama, na safari hii sikuongeza chumvi, ilikuwa imetosha.

Hakuna aliyemshtukia mzee mmoja wa sinemani anayeuza tofu, ile jibini yao ya soya. Anatokea dakika ya hamsini, sekunde sita, anacheka, na hakuwa na meno mawili ya mbele. Ile brashi ya kunakili ni kitu cha ajabu sana. Wiki jana, Mubarak akiwa anaswali, nilimwazimia mawili ya muuza samaki wa sinema ile ile.

Leo mchana wameleta sinema nyingine. Kuna mtawa amepanda farasi, ana kipara kikubwa kinachong'aa. Nimeutazama mkia wa farasi kwa makini. Rangi inaendana na nyusi zake.